Maziwa ya Petronila

Siku mliyoniaga kwa keki na saa ya ukutani, mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli niliwahi kuwaozesha kaka na dada mbele ya Afrika Mashariki nzima. Nilikuwa na keki mdomoni, nikatikisa kichwa tu. Sasa nimestaafu, keki imekwisha na haraka sina, kwa hiyo jibu ni hili: nilikaribia sana.

Mishahara na vyeo sitavitaja. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili, mwenye studio na sisi wengine. Nataka kuwaeleza habari za tamthilia moja ya Kimeksiko tuliyoitia sauti za Kiswahili, ya koo mbili za matajiri waliochukiana kwa bidii, na kosa nililolifanya humo. Kosa hilo lilitaka kuwatoa watu sita kazini. Tena liligusa jambo la Bi Shemsa ambalo halikuwa langu kuligusa, na hilo ndilo linalonifanya nikae mezani na kuandika.

Nilifika Tottenham kutafuta kazi baada ya kushindwa uuguzi. Nilitoka Mombasa kuja kusomea kuhudumia wagonjwa, na mgonjwa wa kwanza aliyenitapikia ndiye aliyenihudumia mimi, maana nilianguka. Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka lililouza nywele bandia na ndizi mbichi. Ukuta wa chumba cha kurekodia ulikuwa umefunikwa magodoro na mazulia makuukuu ili kelele za mabasi zisiingie, na bado ziliingia. Mwenyewe ni Jitubhai, Mhindi wa Kisumu, mtoto wa dukani, aliyeanza kwa kupiga video za harusi. Alinipa karatasi yenye mstari mmoja, "Mbwa wewe, toka nyumbani kwangu!", akaniambia nisome. Nikasoma kwa adabu zote nilizofundwa.

"Dada," akasema, "hapa mtu iko fukuzwa, hapana karibishwa chai. Rudia."

Nikarudia mara kumi. Nadhani alinichukua kwa sababu alichoka.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Bi Shemsa. Alikuwa Mzanzibari, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyoweza kuwa ya malkia asubuhi na ya muuza maandazi mchana. Alikuwa ameigiza michezo ya redio kabla mimi sijajua kusoma. Siku ya kwanza alinipa penseli, saa ya kuhesabia sekunde na kioo kidogo cha mkoba. Penseli ya kukata maneno, maana Kiswahili chetu ni kirefu na midomo ya Wameksiko haingoji. Kioo cha kujitazama mdomo wako unaposema, uone kama unafanana na wa yule kwenye televisheni. Kisha akanipa somo ambalo nimelitumia mpaka mwezi uliopita.

"Mdomo ukiuona, unaufuata," akasema. "Mgongo ukiuona, unasema utakalo. Kwa hivyo tafuta migongo, mwanangu. Mtu akigeuka tu, huyo wako."

Ninyi leo mashine inawalinganishia midomo yenyewe, na mgongo kwenu ni mgongo tu. Nawaonea wivu kidogo na huruma nyingi.

Tamthilia yenyewe ilituletea koo mbili, akina Olmedo na akina Cazorla. Utajiri wao ulitokana na tekila. Kituo cha televisheni cha Dar es Salaam kilichotupa kazi kikatuonya kwamba kipindi kingetoka saa ya familia, kwa hiyo pombe isitajwe. Nikatazama picha. Mmea wenyewe una majani marefu yenye miiba, kila mtu wa Tanga angeapa ni mkonge. Basi nikawafanya matajiri wa mkonge, wenye mashamba na viwanda vya kamba. Watazamaji wakalipokea hilo bila neno. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini wenye viwanda vya kamba wanagongeana viglasi vidogo kila wakikutana.

Matajiri wa Kimeksiko ni watu wa ajabu na niliishi nao miaka mingi. Hawafungi mlango, kwa hiyo kila siri husikilizwa na mtu aliyesimama barazani na sinia. Hawali, chakula huandaliwa, mtu mmoja akatoa tusi, wote wakainuka. Mwanamke akizimia wiki tatu huzinduka na wanja wake machoni. Makofi ya mashavuni ni mengi mno. Kanda zetu zilikuja bila mlio wa makofi, basi tuliyatengeneza wenyewe kwa kupiga donge la unga wa chapati, na donge hilo hilo tulilila jioni, kwa sababu Jitubhai hakupenda kitu kipotee.

Sauti zilikuwa chache. Leandro, kijana wa akina Cazorla, alikuwa Odhiambo, muuguzi wa Lewisham aliyekuja siku zake za mapumziko, mtu mpole mwenye sauti ya kumwangusha msichana yeyote asiyemwona. Mimi, mwenye miaka arobaini na kitu, nilikuwa Rosaura wa akina Olmedo, mwenye miaka kumi na tisa. Bi Shemsa alikuwa wawili: mama yake Leandro, mkuu wa akina Cazorla, mwenye almasi na roho ya fisi, na Petronila, yaya wa nyumba ile ile, aliyejua siri zote na kulia. Walipogombana, waligombania kooni mwake.

Kila mara Bi Shemsa aliletwa na kaka yake, Mbarak. Mbarak alikuwa mjane aliyestaafu kupakia mizigo uwanja wa ndege, akiishi Hounslow na mama yake, bikizee wa karibu miaka tisini. Bi Shemsa, mjane naye, aliishi Lewisham. Basi Mbarak alitoka Hounslow akaenda Lewisham, akamchukua, akamleta Tottenham, akakaa pembeni na gazeti na chupa ya chai ya tangawizi, kisha akamrudisha. Anayeijua London ataona kwamba hiyo si njia. Nilipomwambia kuna treni, alinitazama kama nimemtukania mtu.

Bi Shemsa alikuwa mtu wa stara. Odhiambo au Jitubhai akiwemo chumbani, mtandio kichwani. Wakitoka akabaki Mbarak nasi wanawake, mtandio unashuka begani, nywele nyeupe zinapata hewa. Ndivyo ilivyo kwetu: mbele ya mwanamume anayeweza kukuoa unajifunika, mbele ya kaka yako hujifuniki. Siku moja, Mbarak akiwa kashuka kuangalia gari, nikauliza tu, kuzungumza, kama wametoka tumbo moja.

"Tumbo moja wametoka baba zetu," akasema, akimimina chai. "Mbarak ni mtoto wa ami yangu. Nilikuwa nimeposwa naye."

Nikaweka kikombe chini.

"Baba zetu walikuwa na maduka mawili yanatazamana, Unguja mjini. Kila mmoja akitaka la mwenziwe lifungwe. Sisi watoto tukipendana dirishani. Yakaja Mapinduzi, maduka yakaenda, nyumba zikaenda. Ugomvi ndio peke yake uliopita forodhani bila kukaguliwa. Lakini wazee wakasema sasa tumekuwa maskini sote, na tuunganishe watoto. Posa ikapokewa. Kanga zikanunuliwa. Halafu mama yake Mbarak, Bi Zuwena, akasema haiwezekani, huyu mtoto nimemnyonyesha mimi. Basi. Yakaisha hapo hapo."

Kwa wale kati yenu wasiojua: kwa Waislamu wa pwani, mtoto wa ami yako unaolewa naye, tena kwa vigelegele. Lakini watoto waliochangia ziwa moja ni ndugu wa kunyonya. Ndoa kwao ni haramu kama ya tumbo moja, na hakuna wa kuwafungisha.

"Nikaolewa pengine, naye akaoa pengine," akasema. "Wote wawili wamekufa, Mungu awarehemu. Mbarak kawa kaka yangu miaka yote hii. Na kaka mzuri." Akanywa chai yake. Sikumuuliza zaidi, na ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema.

Hapo lazima niwaeleze tulivyofanya kazi. Skripti hazikuja zote. Zilikuja kumi kumi, kwa Kiingereza kilichofasiriwa na mtu asiyekipenda. Ukifasiri ya ishirini hujui ya ishirini na moja ina nini. Jitubhai alisema hilo linatufanya tuigize kwa moyo. Mimi nawaambia linawafanya watu wapumbavu.

Katika bunda la tisa likaja fumbo kubwa. Leandro na Rosaura wameshatoroka pamoja, wamevishana pete chini ya mvua. Petronila anawakimbilia, anaanguka magotini, radi inapiga, anafichua kwamba baba zao wale mahasimu ni watoto wa baba mmoja. Leandro na Rosaura ni mabinamu! Muziki. Leandro anajipiga kifua. Rosaura anakimbilia korongoni.

Tulitazama sote mpaka mwisho. Kisha Bi Shemsa akasema, "Basi si ndiyo vizuri? Mkonge hautoki nje ya ukoo."

Odhiambo alishtuka. "Wacha! Kwetu hiyo ni mambo ya kulaaniwa. Mtu hawezi oa cousin."

"Kwetu watu wangeanza kupika," nikasema.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Watazamaji wetu wengi walikuwa wa pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara, na nilijua wangeona watu wazima wanaliliana kwenye mvua kwa habari njema. Kilele cha tamthilia nzima kingekuwa kichekesho. Nikaenda nacho nyumbani, nikakaa nacho na kioo changu, nikajaribu maneno. Na yaliyokuja mdomoni yalikuwa ya Bi Shemsa. Katika hadithi kulikuwa na siku za mafuriko ambapo Rosaura, angali mchanga, alihifadhiwa nyumba ya akina Cazorla. Nini kilichomzuia Petronila, aliyekuwa yaya wa Leandro, kumnyonyesha na yeye? Nikafuta ubinamu wote. Nikaandika: "Ninyi ni ndugu wa kunyonya!" Midomo ikalingana kana kwamba Mmeksiko mwenyewe kayasema.

Wa kuyasema maneno hayo alikuwa Petronila, yaani Bi Shemsa. Alisoma karatasi akanitazama juu ya miwani.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kitabuni," nikasema.

Akaingia kwenye kipaza sauti akausema mstari ule. Hakuupenda, akarudia. Akarudia mara kumi na nne, mtu ambaye hatukuwahi kumpa zaidi ya tatu. Mbarak alikuwa pembeni na gazeti lake, na gazeti halikufunguliwa ukurasa. Nililiona hilo. Niliona aibu pia, nikaivumilia, kwa sababu mstari ulikuwa mzuri.

Ulikuwa mzuri mno. Kituo kilituambia simu hazikukatika. Mama yangu alinipigia kutoka Mombasa akilia, akaniuliza kama hakuna njia yoyote, nikamwambia mama, haya ni mambo ya dini, akasema najua, ndiyo maana nalia. Hata Bi Zuwena kule Hounslow, aliyekuwa hasikii vizuri, alikuwa akitazama kwa dishi na sauti ya juu mpaka jirani akalalamika. Jitubhai alitununulia sambusa. Nilitembea Tottenham kwa wiki kadhaa kama mtu aliyegundua dawa.

Kisha likaja bunda la mwisho.

Nililisoma nimesimama, na baadaye nikaketi ngazini. Rosaura anapata ajali, anahitaji damu, hospitali inampima. Damu yake haihusiani kabisa na ya akina Olmedo; aliokotwa. Kwa hiyo yeye na Leandro si mabinamu, hawana undugu wowote, kengele zinapigwa, harusi. Vipindi vitatu vizima vya harusi, yenye farasi.

Ndiyo. Kipimo cha damu kinafuta ubinamu. Maziwa hakifuti.

Nikampelekea Jitubhai. Alisoma mpaka kwenye farasi.

"Dada Mwanajuma, yeye kaka, yeye dada. Sasa yeye bwana na bibi? Hii iko namna gani?"

Nikamweleza. Yeye si Mwislamu, lakini kakulia Kisumu kaunta moja na Waislamu, alielewa upesi na rangi ikamtoka. Akakipigia kituo cha Dar es Salaam. Kituo kikasema maneno machache. Kaka na dada hawataoana kwenye hewa yao. Wasipoona njia safi kufikia Ijumaa, wanakata tamthilia, na Kiswahili cha studio yetu basi. Jitubhai akaweka simu chini akasema bila hiyo kazi hawezi kutuweka, sote sita. Alisema kwa Kiingereza, na ndipo nikajua ni kweli.

Odhiambo alitoa shauri letu la kwanza. "Madam, tumuue tu Leandro. Mimi sina shida."

"Yumo kwenye harusi, Odhiambo. Kapanda farasi."

"Hiyo ni ndugu yake anafanana naye."

Tulilijadili hilo kwa dakika ishirini, msicheke. Wenzetu walipokwenda kula, Bi Shemsa alichukua bunda, akafungua kurasa za harusi, akasoma kwa kidole.

"Rosaura anaolewa," akasema.

"Ndiyo, Bi Shemsa."

"Na ziwa?"

Nikachukua penseli nikaanza kuichonga.

"Lilikuwa langu lile, Mwanajuma. Si la kitabuni. Ulilichukua kwenye kikombe cha chai ukampa Mmeksiko. Nikasema sawa, kazi. Nikalisema mara kumi na nne na Mbarak anasikia. Sasa Mmeksiko kapewa farasi. Na mimi?"

Nililia. Niliomba radhi kama mtoto, nikamwambia nimeiba na nimesema uongo juu yake. Alinipa pembe ya mtandio wake nijifute, akaniambia nipumue.

"Usilie. Tafuta njia," akasema. "Kama ipo ya yule, tuione."

Nikampigia Maalim Kombo, aliyefundisha watoto Kurani chuoni siku za Jumamosi kule Hounslow. Nilimweleza kwa kuzunguka, nikisema ni swali la rafiki. Alinisikiliza, akakohoa.

"Tamthilia mimi sitazami," akasema. "Lakini Leandro ni kijana mzuri, isipokuwa mama yake."

Kisha akawa mwalimu. Akauliza jambo ambalo mimi, niliyesoma chuo miaka sita, sikulikumbuka. "Alimnyonyesha mara ngapi? Kwa madhehebu yetu, kunyonya kunakozuia ndoa ni mara tano zilizotimia, mbalimbali, na mtoto hajafika miaka miwili. Zikipungua tano, hakuna undugu. Watu husikia kanyonyesha, wanafunga mjadala. Waulize mara ngapi! Hawaulizi."

Nilishukuru nikakata simu. Nikakaa na kanda za mwisho na kutafuta migongo. Nikaupata hospitalini: Petronila kasimama dirishani, kaipa kamera kisogo, sekunde kumi na moja. Katika skripti anasali kimoyomoyo. Kumi na moja zilinitosha. Niliandika, nikakata, nikaandika. Siku ya Ijumaa nikampa Bi Shemsa karatasi, na safari hii nikamwambia kabla hajaniuliza nimelitoa wapi, na Maalim kasema nini.

Alisoma. Akakaa kitako kwenye kiti cha Mbarak. Mbarak mwenyewe alikuwa chini, anazunguka mtaa kutafuta pa kuegesha gari.

"Tano," akasema.

"Tano, Bi Shemsa."

"Na zikipungua?"

"Hakuna undugu."

Akainuka, akavaa hedifoni. Petronila akageuza mgongo kwenye televisheni, na sauti ikatoka, si ya malkia wala ya muuza maandazi. Ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Nilimnyonyesha mara nne tu. Nne, na mama yake akaja kumchukua. Hamkuniuliza mara ngapi. Mlisikia ziwa, mkanyamaza, mkaniachia dhambi isiyokuwepo."

Aliyasema mara moja tu. Jitubhai akauliza kama arudie, lakini Bi Shemsa alikuwa ameshavua hedifoni. Ilikuwa imezidi sekunde moja na nusu, tukaibana kwa kukata pumzi kidogo katikati, na ndiyo rekodi iliyokwenda hewani.

Kituo kiliridhika. Watazamaji waliridhika kupita kiasi. Mama alinipigia akisema alijua tangu mwanzo kwamba yule yaya hakuwa na maziwa mengi. Nasikia sehemu fulani za pwani watu waliwaendea mabibi zao kuuliza hesabu, na mabibi wakakasirika. Studio ikapata tamthilia nyingine, halafu nyingine. Nilifanya kazi pale mpaka ninyi mkaja na mashine zenu, na sikubadilisha tena kitu katikati bila kuuona mwisho. Mkichukua moja tu kutoka kwangu, chukueni hilo, na mkichukua mawili, msiibe chai ya mtu.

Lakini Jumatatu baada ya Ijumaa ile, Bi Shemsa alikuja kwa treni. Alipanda ngazi anahema, akaketi, akateremsha mtandio begani. Tulikuwa wawili tu.

"Jana nilikwenda Hounslow," akasema. "Nilimwona Bi Zuwena."

"Ulimuuliza?"

"Ilinibidi kupiga kelele, hasikii. Kanigombeza kwanza. Eti mtu mzima miaka sitini haulizi mambo ya maziwa. Nikamwambia, nimeuliza, nijibu. Akasema siku ile waliyotaka kutuoza, baba yangu alikuwa kamtukana baba Mbarak sokoni, basi yeye Bi Zuwena hakutaka damu yetu nyumbani kwake. Akasema maneno aliyosema, akingoja mtu amuulize zaidi. Hakuulizwa." Akavua miwani. "Basi akanyoosha mkono akahesabu. Siku mama yangu alipokuwa na homa. Siku ya maziko ya bibi. Siku moja nililia sana, kisa chenyewe hakikumbuki. Vidole vya mkono mmoja havikutimia, Mwanajuma. Vilibaki viwili."

Nikamshika mkono, yeye akautazama mkono wake kana kwamba anahesabu tena.

"Na Mbarak?" nikauliza. "Anajua?"

"Alikuwa jikoni. Nilivyokuwa napiga kelele, mtaa mzima umejua."

Kengele ya mlango wa chini ikalia. Tukasikia hatua za ngazini, zile tulizozizoea, za mtu anayebeba chupa ya chai na kuogopa isimwagike. Bi Shemsa akasikiliza mpaka hatua zikafika ghorofani. Kisha, kabla kitasa hakijazunguka, akauinua mtandio wake begani, akajifunika nywele, akaukaza vizuri chini ya kidevu. Mbarak akafungua mlango akamwona. Akasimama pale pale kizingitini na chupa yake mkononi, akainamisha macho, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.